Theluji ya Saa Sita Mchana

Mimi naishi Blaine, na Blaine hakuna mlima. Hakuna hata kilima cha kumchosha mbuzi. Ukisimama mlangoni kwangu unaona nyumba nyingine kama yangu, na nyuma yake nyingine, na magari mbele yake, basi. Theluji yetu huanguka, hulala, hukaa mpaka Aprili ikigeuka nyeusi kwenye pembe za maegesho, kisha huyeyuka ikaingia mtaroni bila kumdhuru mtu. Kwa miaka yote niliyoishi Minnesota, theluji kwangu ilikuwa kero ya beleshi na mgongo. Sikujua kwamba inaweza kumuua mtu aliyevaa vizuri na kushiba.

Nilikuja kujua mwanangu alipohamia Montana. Ni binti yangu, kitinda mimba, na alikwenda huko kufanya kazi katika zahanati ya mji mdogo ulio chini ya milima. Nilidhani baridi itamfukuza arudi. Badala yake akajifunza kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu za miguuni. Wala si kwenye vile viwanja vya kuteleza penye viti vya kuning'inia na walinzi na duka la chai. Yeye na wenzake huenda nyuma kabisa, kusiko na njia wala mlinzi. Hubandika ngozi chini ya mbao zao ili zisirudi nyuma, wakapanda kwa miguu asubuhi nzima, ili washuke kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilimuuliza, "Huko juu mnatafuta nini?" Akanijibu, "Nothing, Mama. Ndiyo raha yake." Nikaaga haraka, maana ningeendelea ningetukana.

Basi nikaanza kusoma. Kuna watu huko ambao kazi yao ni kuchimba mashimo kwenye theluji, kutazama matabaka yake, na kuandika kila alfajiri hatari ya siku hiyo. Taarifa yao iko wazi kwa kila mtu, hata kwa mama wa Mombasa aliyeketi Blaine na miwani ya kusomea. Nikawa naisoma baada ya swala, kabla ya chai. Wana ngazi zao za hatari: ndogo, ya wastani, halafu zinapanda. Hiyo ya wastani ilinikera tangu siku ya kwanza. Mtu hufa kwa wastani? Kazi yangu ni kusafisha na kuchemsha vyombo vya upasuaji katika hospitali moja ya Saint Paul, na kwetu mkasi ni safi au si safi. Hakuna mkasi safi wa wastani.

Hata hivyo nilijifunza. Nilijifunza kwamba majira haya ya kuchipua, ambayo sisi huku tunayashangilia kwa kuvua makoti mapema na kuumwa mafua, huko milimani ndiyo yenye hila. Usiku anga likiwa wazi, theluji huganda ikawa jiwe, na asubuhi mtu hupita juu yake salama. Jua likipanda, jiwe linalainika. Kufika saa sita mchana limekuwa uji, na uji ulio kwenye mteremko haukai. Unashuka wote pamoja, mzito kama zege mbichi, na miti ndani yake. Na usiku ukiwa na mawingu, theluji haigandi sawasawa, kwa sababu mawingu huifunika kama blanketi, na siku hiyo hata asubuhi si ya kuaminiwa. Kwa hiyo wanaojua hupanda gizani na kushuka kabla ya joto.

Haya yote niliyajua. Ningeweza kumfundisha mtu. Lakini elimu yote hiyo haikunipa hata uzi wa kumvutia mwanangu. Nilikuwa kama yule anayetazama mpira kwenye televisheni na kumpigia golikipa kelele.

Tukakubaliana jambo moja. Akianza kupanda ananiandikia "napanda", akifika chini ananiandikia "nimeshuka". Ikipita saa sita mchana, saa za kwao, bila neno, nina ruhusa ya kupiga simu. Ruhusa hiyo niliidai mimi, tena kwa ukali.

Lazima niseme kidogo kuhusu sisi na simu. Kwetu kumpigia mtu ndiyo kumpenda. Mtu akiugua, anapigiwa. Akipona, anapigiwa. Akisafiri, anapigiwa njiani kuulizwa amefika wapi, ilhali dereva ni yeye. Na salamu zetu hazina haraka: hujambo, watu wa nyumbani, kazi, mguu ule unaendeleaje, jirani yako, mvua. Simu ya msiba nayo ina adabu yake. Hatumtupii mtu habari usoni. Baba yangu alipofariki nilikuwa kazini Saint Paul, glavu mikononi, na dada yangu akanipigia kutoka Mombasa. Hakusema baba amekufa. Alinisalimu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uko na nani hapo?" Ilitosha. Nikakaa sakafuni pale pale kati ya matoroli. Mtu wa kwetu akiulizwa swali hilo kwa sauti ile huwa ameshajua, maana anayeuliza anataka kuhakikisha yupo wa kumshika.

Mwezi wa Disemba mwanangu alikuja nyumbani, akaja na msichana aliyekuwa akiishi naye kule Montana. Huyo ndiye mwenzake wa kupanda milima. Mrefu, mwekundu wa mashavu, mwingi wa kucheka, na mlaji hasa. Niliwapikia mahamri na mbaazi za nazi, akala mpaka nikamwonea huruma. Siku ya pili akataka kufundishwa kukanda. Alikanda unga kama anaupiga ngumi, nikamwambia, "Polepole, hujagombana nao." Kufikia jioni alikuwa ananiita Mama kama vile amezaliwa Kisauni.

Siku hiyo hiyo theluji ya juu ya paa la gareji iliteleza kwa pamoja ikaanguka mbele ya mlango, *puu*, ikafunika mapipa ya taka. Ilikuwa theluji ya paa dogo tu. Nilitoka na beleshi kuyafukua, nikakuta imeshikana kama imepigwa plasta. Mwanangu akaona hapo ndipo pa kunifundishia. Akatoa kiredio ambacho wao hukifunga kifuani. Kila mmoja anacho chake na kila kimoja kinatoa ishara. Mmoja akifukiwa, wenzake hugeuza vyao viwe vya kutafuta, na mshale kwenye kioo unawaonyesha pa kwenda. Yule mwenzake akazika chake kwenye lundo, mimi nikakabidhiwa kingine.

Nikawa nafuata mshale, nainama, najiona mtaalamu. Mara simu ikalia mfukoni mwangu. Alikuwa dada yangu wa Mombasa, anataka kujua wageni wamekula nini. Mshale ukaanza kuzunguka hovyo, mara kulia, mara nyumba ya jirani. Wasichana wakacheka. Kisha mwanangu akaacha kucheka akasema, "Unaona, Mama? Simu inachanganya hiki kitu. Tukiwa huko, ukipiga wakati mbaya, unaweza kutupoteza." Nikamwambia nimeelewa. Nilielewa kweli.

Kabla hawajaondoka nilimwomba yule msichana namba ya mama yake. Watoto wetu wanaishi nyumba moja, itakuwaje sisi wazazi tusijuane? Mama yake anaishi ng'ambo ya mto wa mpakani, katika mji mdogo wa Wisconsin, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Nilipompigia mara ya kwanza na kuanza salamu zangu, alinikatiza, "Kuna nini? Kuna jambo limetokea?" Kwao simu isiyo na jambo ni dalili ya jambo. Nikamwambia hakuna kitu, nakujulia hali tu. Akacheka kicheko kile kile cha binti yake. Tangu hapo tukawa tunazungumza mara kwa mara kwa Kiingereza changu cha hospitali. Ni mjane, hana mtoto mwingine, anaishi na mbwa mzee. Nikazoea kumsalimia mpaka mbwa, mimi ambaye nikiona mbwa navuka barabara.

Jumamosi moja ya Aprili tulikuwa Bloomington, jikoni kwa shoga yangu, sisi na wanawake wengine kadhaa, tunapika pilau la harusi ya mpwa wake. Alfajiri nilikuwa nimesoma taarifa ya milima. Mawingu usiku kucha. Haikuganda. Hatari itapanda mapema. Nikamwandikia mwanangu, "Usiku haukuganda. Msiende." Akajibu, "Tumeona Mama. Tunaenda chini chini tu, tutarudi mapema. Love you." Halafu, "Napanda." Ningefanya nini? Nilikwenda Bloomington kukata vitunguu.

Saa zao ziko nyuma ya zetu kidogo. Nikawa natazama ukutani huku nakaanga. Ikafika saa sita yao, hakuna neno. Nikageuza vitunguu. Shoga yangu akasema, "Si ukageuze na nyama, mbona umeganda?" Nikafuta mikono, nikapiga.

Ikalia mara mbili ikakatwa. Kisha ujumbe ukaingia, maneno yamerukana: mimi mzima, poromoko, tunamtafuta (akamtaja yule msichana anayeishi naye), usipige, ambia kila mtu asipige.

Niliusoma mara moja tu. Nikauona ule mshale wa Disemba unazunguka kwenye kioo, na safari hii aliyeuzungusha ni mimi. Sijui mlio ule wa simu yangu ulimpotezea nini mwanangu. Hajaniambia, nami sijathubutu kumuuliza. Pengine haukumpotezea kitu. Nilitaka kumpigia kumwomba radhi, na nikaona upumbavu wa jambo hilo hapo hapo.

Shoga yangu alikuwa amesoma juu ya bega langu. Ni mwema, na wema wake una mbio. Kabla sijavuta pumzi alikuwa ameshaandika kwenye kundi la familia kuomba dua, na simu yangu ikaanza kutetemeka: dada kutoka Mombasa, binamu kutoka Columbus, nani sijui kutoka London. Wote wanauliza namba mpya ya mtoto. Wote wanataka kumpigia wamsomee dua.

"Asipigiwe!" nikapiga kelele, mwiko mkononi. "Mtu yeyote asimpigie!"

"Lakini mama, tumwombee tu, atulie moyo," akasema mmoja wa wapishi.

"Ombeni hapa hapa! Mungu hahitaji simu!"

Kwa dada yangu nilitumia sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mkubwa wangu. Nilimwambia, "Dada, nakuheshimu. Ukimpigia mwanangu sasa hivi, mimi na wewe tumekwisha." Akaanza kulia, akaapa hatapiga, akaapa na wengine atawazuia. Wanawake wale jikoni wakaweka simu zao juu ya kaunta, moja baada ya nyingine, zikiwa zimelala kifudifudi karibu na bakuli la zabibu. Hapo ndipo nilipojua maana ya kukosa la kufanya. Kitu pekee nilichoweza kumsaidia nacho mwanangu ni kukaa kimya, mimi ambaye sijawahi kufundishwa kukaa kimya.

Kule aliko, jua lilikuwa linapanda. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba mlima ukishuka upande mmoja, pembeni huwa pamebaki theluji nyingine inangoja joto. Mwanangu alikuwa amesimama chini ya hiyo, anafuata mshale.

Simu yangu ikalia tena. Nikaitazama ili niikate. Alikuwa mama yake yule msichana.

Nilipokea. Sijui kwa nini nilipokea. Nadhani ni kwa sababu mama akipiga, unapokea.

"Samahani kukusumbua," akasema, na nikasikia anatabasamu. "Nimo jikoni, mikono imejaa unga. Ninajaribu yale mahamri, maana binti yangu hanyamazi juu ya mahamri yako. Nilitaka kumpigia anikumbushe kipimo cha hamira, halafu nikasema, kwa nini nisimuulize mwenyewe?"

Alikuwa hajui. Hakuna aliyemwambia, na nani angemwambia? Na kidole chake kilikuwa tayari kumpigia binti yake.

Nitaeleza nilichofikiri, kwa vile nimekifikiri mara nyingi tangu siku ile. Nikimwambia, atapiga. Mama gani hatapiga? Na simu iliyo kifuani kwa mtoto wake, karibu na kile kiredio, italia chini ya theluji huku wenzake wakitafuta ishara. Pengine watampata sasa hivi anakohoa, na mimi nitakuwa nimemuua mama yake kwa hofu bure. Nisipomwambia na nikakata simu, atapiga vile vile, kuulizia hamira. Nikaona njia moja tu. Akiwa anaongea na mimi, hawezi kumpigia mtoto wake.

Basi nikamsalimia.

Nilimsalimia kama sijawahi kumsalimia mtu. Nikamuuliza hali yake, na usingizi wake, na lile goti lake linalomsumbua. Nikamuulizia mbwa. Nikamuuliza kama barafu ya ziwa lao imeshakatika, akaniambia bado kidogo, imekuwa ya kijivu, na jirani yake ameondoa kibanda chake cha kuvulia samaki juzi tu, mzembe yule. Nikacheka. Nilisikia nacheka. Shoga yangu alikuwa amesimama mbele yangu, mkono mdomoni. Vitunguu vikaanza kuungua na hakuna aliyevigusa.

Nikamwambia hamira kijiko kimoja cha chai. Nikamwambia asiweke maji, aweke tui la nazi, liwe vuguvugu, lisiwe moto. Akauliza atajuaje ni vuguvugu. Nikamwambia atie kidole kidogo, ahesabu polepole. Akatia, akahesabu kwa sauti, na mimi nikahesabu pamoja naye moyoni, lakini mimi nilikuwa nahesabu kitu kingine. Nikamwambia aponde iliki kwa mkono, ile ya kopo haina harufu. Nikasikia kinu kinagonga. "Lo, jikoni kwote kunanukia," akasema. "Ngoja aje mwezi ujao, nitamshtua." Nikasema, "Inshallah."

Nilikuwa namdanganya bila kusema uongo hata mmoja. Nilimchukia kwa kuwa na furaha. Nilijichukia zaidi. Na wakati wote huo nilikuwa nasikiliza simu yangu, kama itatoa ule mlio mdogo wa mtu mwingine kwenye laini.

Ukalia. Jina la mwanangu.

"Subiri kidogo," nikamwambia mama mwenzangu. "Tafadhali, usikate. Nakuja sasa hivi."

"Siendi popote," akasema. "Nakanda."

Nikabonyeza. Kwanza nilisikia upepo, na mtu mwingine analia mbali. Kisha mwanangu akasema, "Mama," kwa Kiswahili safi, Kiswahili cha utotoni, bila neno hata moja la Kiingereza. "Tumempata. Alikuwa chini sana. Tumechelewa, Mama. Tumejaribu kumfufua, tumejaribu, hakuamka."

Nikamuuliza, "Wewe uko wapi? Toka hapo chini ya mlima."

"Tunatoka. Waokoaji wamefika." Akavuta pumzi kama anavyovuta mtoto aliyelia akachoka. "Mama yake hajui. Nilitaka kumpigia, nimeshindwa. Naona laini yake haipatikani, inatumika."

"Anaongea na mimi," nikasema.

Upepo ule ukaendelea. "Basi usimwache," akasema, na laini ikakatika.

Nikarudi kwa mama mwenzangu. Hakuwa amekata. Nilimsikia anapigapiga unga juu ya meza, anavuma wimbo kwa pua. Wanawake wa jikoni walikuwa wameona uso wangu. Shoga yangu alikuwa ameshachukua funguo za gari na buibui yake, bila mtu kumwambia, maana kwetu katika jambo kama hili watu huenda. Lakini Wisconsin ni mwendo wa saa moja, na yule mama alikuwa sikioni mwangu.

"Upo?" akauliza. "Unga umekuwa laini kweli. Sasa niufunike kwa muda gani?"

Kiingereza changu chote kilikimbia. Lilibaki swali moja tu, lile nililoulizwa na dada yangu, na nikaliuliza kwa sauti ile ile, ya chini, kama tulivyofundishwa.

"Uko na nani hapo nyumbani?"

"Mimi?" akasema, bado anakanda. "Peke yangu, na mbwa tu. Kwani?"